KIZURI CHAJIUZA, LAKINI BIASHARA NI MATANGAZO

Historia fupi ya namna akina mama tulivyotangaza kazi zetu, tangu mwito wa mtaani hadi simu ya mkononi



Katika kuadhimisha miaka hii kumi, kamati ya kijitabu iliona isiwe habari za hisa na mikopo peke yake, maana hizo zimo katika taarifa ya mweka hazina. Tuliombwa kuandika historia ya jambo ambalo limetuletea mjadala mrefu kuliko yote katika mikutano yetu: kutangaza biashara kwa simu, yaani WhatsApp, Instagram, Facebook na TikTok. Wapo kati yetu wanaosema mama asiye na ukurasa siku hizi hana duka. Wapo wanaosema simu imekula hela ya bando kuliko hela iliyoleta. Na mwaka huu mkutano mkuu utapiga kura, kama mfuko wetu utoe mikopo ya kulipia matangazo ya mitandaoni au usitoe. Basi kabla ya kunyoosha mikono ni vizuri tujue tulikotoka.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao wana msemo wao, biashara ni matangazo. Misemo hii miwili inagombana. Lakini ukiisoma historia yetu utaona kwamba hata kizuri kilitembezwa tangu zamani. Jambo la kuuliza ni nani anakitembeza, kinapita mlango gani, na ufunguo wa mlango huo anao nani.

Vyungu na sauti

Tuanze Unguja, kwa mwanamke mmoja ambaye wengi tunamjua kwa nyimbo tu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia ya watu maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alikuwa akivibeba vyungu na kuvitembeza vijijini na mjini akinadi. Hakuwa na duka wala kibao cha jina. Tangazo lake lilikuwa koo lake, na wanaosimulia maisha yake wanasema sauti ile ilisikika toka mbali hata watu wakajua kabla hajafika kwamba mwenye vyungu anakuja.

Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja, akajifunza muziki, na sauti iliyonadi vyungu ikawa sauti ya taarabu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri, naye huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri zake zikauzwa pwani yote na bara, na nyimbo zake zilibeba habari za mjini, za mahakama na za wanyonge. Alifariki mwaka 1950.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, sanaa na biashara si vitu viwili vinavyochukiana. Kwa mama huyu vilitoka koo moja. Pili, chombo kipya kilipokuja, yaani santuri, kilimfikisha mbali kuliko miguu yake. Lakini kampuni ya santuri haikuwa yake, wala mashine ya kuchapia. Hilo tuliweke akilini, tutalirudia.

Nguo iliyosema

Sasa tuje kwenye nguo, kwa kuwa wengi wetu tunaishi kwa nguo, wenye cherehani na wenye batiki.

Katika karne ya 19 nguo kubwa ya biashara huku kwetu ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Marekani. Jina la nchi likawa jina la nguo, na hadi leo bado tunaliita shuka la pamba "marekani". Hakuna kampuni iliyolipia tangazo hilo. Lilikaa midomoni mwa watu likabaki.

Halafu ikaja leso. Neno lenyewe ni la Kireno, lina maana ya kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso vilivyochapwa, wakavishona pamoja mpaka vikawa nguo moja pana ya kujifunga. Hivyo mtindo ulibuniwa na wavaaji wenyewe kwa sindano zao, ndipo wafanyabiashara walipoona faida wakaagiza viwandani kitambaa kizima. Ikawa kanga: ina pindo, ina mji, na baadaye ikawa na jina. Inasemekana iliitwa hivyo kwa sababu za mwanzo zilikuwa na madoa kama ya ndege kanga.

Na kanga haikuwa nguo ya urembo tu. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevishwa merikani na kaniki waliziacha nguo zile wakavaa kanga, ili wanaowaona wajue kuwa sasa ni watu huru. Nguo ikawa inasema kabla hata haijaandikwa.

Mombasa alikuwapo mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Kanga zake zilikuwa na alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, na mpaka leo mama wa pwani akiona alama ile anajua ubora wake bila kuelezwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zikaanza kuandikwa misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia sasa. Misemo ile ilitoka wapi? Ilikuwa ile ile ya barazani, ya jikoni na ya kisimani. Mama akinunua doti akaivaa harusini, wote waliomwona walisoma. Aliyependa aliuliza imepatikana duka gani, na aliyesemwa alijua kuwa amesemwa.

Kwa hiyo ndugu zetu, wanaosema vijana wameleta mambo mageni ya kuweka maneno hadharani na kupeana mafumbo, waikumbuke kanga. Mama aliyevaa jina jipya na mama anayeweka picha kwenye status ya WhatsApp wanafanya kazi moja. Wote wawili wanasema na mtaa, na wote wawili wanatangaza mali ya duka la mtu.

Lakini tazameni hesabu ilivyokuwa. Maneno yalikuwa yetu. Miili iliyotembeza ilikuwa yetu. Hela ya kununulia ilikuwa yetu. Mashine ilikuwa Uingereza, Uholanzi, baadaye India na Japani. Baada ya uhuru nasi tulipata viwanda, kama Urafiki hapa Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Hata hivyo leo ukienda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, utakuta doti nyingi zimechapwa India. Akina mama tuliotoa maneno hatukuwahi kuulizwa jina la nani liandikwe pembeni.

Foleni na redio

Wakubwa wenzetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Wakati ule matangazo hayakuwa na kazi. Sabuni ikifika duka la ushirika, habari ilikimbia yenyewe na foleni ikafika barabarani. Aliyekuwa na mali hakuhitaji kubembeleza mtu.

Mambo yaligeuka biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Mali zikaingia, mitumba ikajaa, na mishahara ya akina baba ikawa haitoshi. Akina mama wengi tukaingia kwenye maandazi, batiki, sabuni na ushonaji. Palipokuwa na muuzaji mmoja wakawa kumi, na hapo ndipo kutangaza kulipokuwa lazima.

Redio ilikuwapo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Watu walinunua kadi za salamu, wakazijaza majina ya jamaa na marafiki, wakasubiri zisomwe. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 zikaja redio na televisheni za watu binafsi. Radio One na ITV zilianza mwaka 1994. Jina la mtu au la duka likitajwa redioni, mtaa mzima ulizungumza. Lakini bei ya tangazo ilikuwa ya wenye viwanda vya bia na sabuni. Mama wa batiki hakuweza. Tangazo lake liliendelea kuwa beseni kichwani na rafiki wa kumsemea ofisini.

Simu ya kupangusa

Mlango ulifunguka kidogo kidogo. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza hapa Tanzania, baada ya kuanza Kenya mwaka 2007, na mama akaweza kulipwa na mtu wa Mbeya bila kuonana naye. Mwaka 2009 waya wa Seacom uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, ukafuatwa na wa EASSy mwaka 2010, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti za bei mbaya. Mwaka huo wa 2009 Facebook ikaanza kusomeka kwa Kiswahili na WhatsApp ikazaliwa. Instagram ikaja mwaka 2010. Kisha simu za kupangusa za bei nafuu zikaingia Kariakoo, na wengi tukaachana na kitochi, au tukabaki nacho kwa ajili ya chaji.

Tulipoanza kikundi chetu miaka kumi iliyopita, wachache kati yetu walikuwa na simu za aina hiyo. Leo ni wachache wasio nazo. Wenzetu wa batiki ndio walitangulia. Walipiga picha ya kitambaa kimeanikwa kwenye kamba, wakaituma kwenye kundi la harusi, na oda ikaja ya sare za kamati nzima. Halafu wakajifunza kutuma mzigo mikoani kwa basi, wakipiga picha risiti na namba ya gari ili mteja asiwe na wasiwasi. Wa ukili wakafuata, na wa vitafunwa.

Hatutaki mtu aseme faida hiyo ni ndogo. Kwa mara ya kwanza mama asiye na fremu ya duka, mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni, anaonyesha kazi yake kwa watu asiowajua bila kulipa kodi ya pango. Mnamkumbuka kijana wa Kimaasai, Kili Paul, na dada yake Neema, walivyokuwa wakiziigiza nyimbo za Kihindi mbele ya simu wakiwa na mavazi yao ya asili. Mwaka 2022 Ubalozi wa India hapa Dar es Salaam ukamwita Kili Paul na kumpa heshima. Zamani Siti alilazimika kupanda meli hadi Bombay ndipo Wahindi wamrekodi. Huyu alisikika India akiwa kijijini kwake.

Kazi ya mkono ilivyogeuzwa

Pamoja na hayo, simu haikuleta wateja tu. Imebadilisha na kazi yenyewe, na hili halizungumzwi sana.

Batiki inataka subira. Unayeyusha nta, unagonga muhuri kwenye kitambaa, unatumbukiza kwenye rangi yenye dawa za kukoleza, unakausha, unarudia rangi ya pili, mwisho unatoa nta kwa maji ya moto. Rangi nzuri ya batiki mara nyingi ni tulivu, mtu anaifurahia akiishika. Kwenye kioo cha simu rangi tulivu haionekani. Inayoonekana ni nyekundu kali na njano ya kuwaka. Kwa hiyo wenzetu wameanza kutia rangi kwa ajili ya picha, na baadhi ya wateja wa zamani wanauliza zile za bluu iliyopoa zimekwenda wapi.

Jambo la pili ni video za kuonyesha kazi inavyofanyika. Wateja wanazipenda mno, maana wanaona kweli ni mkono wa mtu. Lakini anayeonyesha muhuri wake kwa mteja anauonyesha pia kwa mwigaji. Mwenzetu mmoja alichora muhuri wa majani ya mwembe, na baada ya muda mfupi mchoro ule ule ulikuwa ukiuzwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine, umechapwa kwa mashine, kwa bei ambayo haifiki hata gharama ya nta. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA ya kuisimamia. Mchoro ni kazi ya sanaa na una mwenyewe. Lakini mwenye kudai lazima awe na ushahidi wa lini alichora, na wengi wetu tulikuwa hatuweki hata karatasi ya mchoro wa kwanza.

La tatu ni wakati. Mama anayejibu meseji hadi saa sita usiku, anapiga picha asubuhi na kutafuta maneno ya kuchekesha mchana, anashona saa ngapi? Kutangaza nako ni kazi, lakini kwenye hesabu ya bei ya gauni hatuihesabu.

Ufunguo uko kwa nani

Sanduku la kikundi chetu lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanachama watatu tofauti. Tuliweka hivyo ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Sasa tujiulize, duka letu la simu lina kufuli ngapi, na funguo anazo nani?

Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, na mwaka 2021 kampuni mama ikajiita Meta. Kwa hiyo milango mitatu tunayoitumia zaidi ni ya mwenye nyumba mmoja, aliye Marekani. Hatutozi kodi ya pango, ni kweli. Anachouza yeye ni macho ya watu kwa watangazaji. Mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata muda zilipowekwa, ikaanza kupanga kwa kukisia mtazamaji atapenda nini. Mwaka 2018 Facebook ikapunguza machapisho ya kurasa za biashara na kutanguliza ya ndugu na marafiki. Wenye kurasa waliona watazamaji wamepungua, na dawa waliyoonyeshwa ilikuwa kulipia. Hakuna aliyetuita kwenye mkutano kutuuliza.

Na mlango wenyewe hufungika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku zile wenye vitafunwa walipata hasara, kwa kuwa maandazi hayangoji mtandao urudi. Lakini kulikuwa na wawili watatu ambao namba za wateja wao zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari. Mara simu za kawaida zilipopatikana, walipiga, wakauza.

Ushauri wetu kwa mkutano mkuu

Kwa kuwa kura ni ya wote, hapa tunatoa maoni tu, na kila mwanachama yuko huru kuyapinga.

Kwanza, mfuko utoe mikopo hiyo, lakini kwa mama aliyekwisha kuuza kwa simu bila kulipia, na ambaye anaweza kuonyesha daftari lake la mauzo. Tangazo la kulipia linakuza kilichopo. Mahali ambapo hakuna kitu halileti kitu, na deni linabaki pale pale.

Pili, kila mkopaji awe na daftari la wateja: jina, namba, alichonunua na tarehe. Hilo ndilo duka ambalo ufunguo wake tunao sisi.

Tatu, bei iandikwe wazi kwenye picha. Kumwambia mteja "njoo pembeni nikuambie" kunamfanya aogope kwamba atakadiriwa kwa sura yake. Na mzigo uliolipiwa kabla utumwe kwa muda uliosemwa, kwa sababu matapeli wa mitandaoni wamewafanya watu watuogope hata sisi tulio wakweli. Mmoja wetu akichelewesha mzigo, anatuharibia wote.

Nne, kila mchoro mpya upigwe picha siku unapochorwa, karatasi yake ihifadhiwe na katibu ikiwa na tarehe na sahihi za mashahidi wawili, na wenye michoro inayouza sana tuwasindikize COSOTA. Mabibi zetu walitoa misemo ya kanga na hakuna jina lao lililobaki. Wajukuu wetu wasije wakasema hivyo hivyo kuhusu mihuri yetu ya batiki.

Tano, zile batiki za bluu iliyopoa ziendelee kutengenezwa, hata kama hazipendezi kwenye kioo. Zipelekwe kwa wateja wa zamani, ziguswe kwa mkono.

Ndugu zetu, wahenga hawakukosea. Kizuri chajiuza, ila kwanza lazima kionekane, na anayekionyesha lazima naye ale. Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Tafadhali njooni na madaftari yenu.



Mwenyekiti, kwa niaba ya kikundi